Nyumba ya Tantine Ilipoanza Kukauka

Sijapata kumwona mtu mwoga kama shangazi yangu. Nasema hivi kwa mapenzi, na yeye mwenyewe asingekataa. Tulimwita tantine, kama watu wa Kolwezi wanavyowaita shangazi zao, na mtaa mzima ukalichukua jina hilo, hata wazee waliomzidi umri. Aliogopa mijusi. Aliogopa wanajeshi, jambo ambalo miaka ile halikuwa ujinga. Aliogopa simu; aliishika mara moja tu maishani mwake, pale posta, akaiweka chini kabla mtu wa upande wa pili hajamaliza kusema alo. King'ora cha mgodi kikilia nje ya saa zake, aliacha kila alichokuwa akifanya akakaa chini sakafuni, kwa sababu kikilia hivyo kulikuwa na mwanamke mahali fulani ambaye chakula alichompikia mumewe kingebaki sufuriani.

Wakati wa vita, watu walipojificha chini ya vitanda, yeye alijificha chini ya kitanda kisha akaburuta meza akajizibia nayo. Vita vilipopita, mume wake alikuwa akisimulia habari hiyo kwa wageni, na Tantine alikuwa akicheka kuliko wageni wenyewe. Mume huyo, mtu wa Kapanga, Mlunda mtaratibu wa maneno machache, alimwita Komanda. "Komanda," angesema kwa sauti ya heshima kubwa, "mujusi anaomba ruhusa apite." Na Tantine angekuwa tayari amepanda juu ya kiti.

Lakini mtu akimwita, alikuwa anakwenda. Hilo ndilo lililonishinda kulielewa tangu nikiwa msichana. Baba yangu, kaka yake, alikamatwa siku moja kwa kukosa kadi ya chama, na wanaume wote wa ukoo wakaanza kusema tungoje, tuone, tusiharakishe. Tantine alifunga kitambaa kichwani, akachukua sufuria ya maharage, akasema kwamba woga anao: "Mi niko na boga, lakini naenda." Alitetemeka njia nzima, mfuniko wa sufuria ulikuwa ukigongagonga hadi mlangoni. Akakaa chini mbele ya ofisi yao akalia, si kwa ujanja, alilia kwa hofu ya kweli, mfululizo, asubuhi hadi mchana, mpaka mkubwa wao akachoka na kelele akamwachia baba yangu aende zake. Maharage walikula wao.

Alikuwa na tabia nyingine zilizonikera. Hakutupa kitu. Msumari uliopinda aliunyoosha kwa jiwe, kamba iliyokatika aliifunga fundo. Mimi ni mshonaji, na alikuwa akija kufagia chini ya cherehani yangu kuokota vipande vya vitambaa, akienda navyo nyumbani bila kuaga. Alipenda kusali, na palepale baada ya kusema amina alikuwa akimsengenya mke wa katekista. Na alikuwa mkaidi. Mtu mwoga hatazamiwi kuwa mkaidi, lakini yeye alikuwa.

Nyumba yao waliijenga wenyewe. Mume wake alipostaafu kazi ya mgodini, walitakiwa kuondoka kambini, kama wastaafu wote, wakatafuta kiwanja cité, mtaa wa nje ya kambi ambako watu hujijengea, upande wa chini karibu na kijito, ambako viwanja vilikuwa rahisi. Matofari walifyatua kwa mikono, udongo mbichi usiochomwa, yeye akikanyaga tope na mume akijaza kalibu. Hapo walifanya kosa ambalo karibu kila mtu wa safu ile alilifanya: udongo waliuchimba palepale, nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka ukutani. Kwa nini ubebe udongo kutoka mbali wakati uko mguuni pako? Kwa hiyo kila nyumba ya safu ile ilikuwa na shimo lake mgongoni, shimo lenye ukubwa uleule wa nyumba iliyotoka ndani yake. Wakati wa kiangazi tulitupa humo takataka. Wakati wa mvua vyura walihamia.

Mume wake alikufa mvua zikianza. Aliugua kifua, akaondoka haraka. Njia ya Kapanga ilikuwa tope tupu, malori yalikwama, na watu wa ukoo wake hawakuwahi maziko. Walituma neno kwamba watakuja wenyewe kumtoa mjane kwenye kilio. Mpaka watakapofika, Tantine alitakiwa kukaa kwenye mkeka chumbani mle alimofia mume, asivuke mipaka ya kiwanja chake, asilale nyumba nyingine. Ndugu wa marehemu ndiye anayemshika mjane mkono na kumwinua. Mjane anayejiinua mwenyewe anaondoka na kifo nyuma yake, na nyumba itakayompokea ndiyo itakayofuata. Hivi ndivyo tulivyolelewa, sisi wa asili ya Kasai na wao Walunda, na katika hilo hatukupishana.

Kisha ikaja ile mvua. Mitaro ya mtaa ilikuwa imeziba, kwa maana siku za salongo, zile kazi za lazima za mtaa, watu waliimba zaidi kuliko walivyochimba, na kijito kikapanda. Nilifika asubuhi nikavua viatu mwanzo wa njia. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yamejaa mlangoni hadi magotini, na juu yake kulielea sufuria, kandambili moja, na kuku aliyekufa. Tantine alikuwa amekaa juu ya meza, na meza iko juu ya kitanda, amejifunika nguo yake nyeusi ya kilio, mkeka ameukunja mapajani.

"Tantine!"

"Niko," akajibu. "Pole pole, chini kuko kintu kinatembea."

Tulikomba maji siku nzima, mimi na majirani wanawake, kwa mabeseni na sahani. Unga wa mahindi uliokuwa kwenye gunia ulikuwa umekuwa uji baridi. Godoro lilikuwa zito kama ng'ombe. Tulilivuta nje tukalilaza juu ya ua. Shati la mume wake, lile la kazi, lilitoka chini ya kitanda likiwa limejaa mchanga, na Tantine akalikamua, akalikamua tena, hata maji yalipokwisha aliendelea kulikamua. Nikamnyang'anya.

Jioni maji yalikuwa yametoka nyumbani. Lakini shimo la nyuma lilikuwa limejaa hadi ukingoni, limetulia, linakula ukuta kwa chini. Nilipiga magoti nikaugusa ukuta wa chumba kwa kidole. Kidole kiliingia hadi kiungo cha pili.

Mtu asiyejua nyumba hizi atafikiri hatari ilikuwa imepita. Kinyume chake. Nyumba ya matofari mabichi haianguki ikiwa ndani ya maji. Maji yenyewe huwa yanaishikilia. Inaanguka jua likitoka, upande mmoja ukikauka na kujikunja huku upande wa pili bado ni tope. Kila mtu wa cité anajua. Asubuhi iliyofuata mbingu zilikuwa safi, jua limewaka, watoto wanacheza, na sisi watu wazima wa safu ile tulikuwa tukiliangalia jua kama tunavyoangalia gari la polisi likiingia mtaani.

Nyumba ya kwanza iliyoanguka ilikuwa ya jirani wa tatu. Hakukuwa na mtu ndani, namshukuru Mungu. Sauti yake haikuwa kubwa; ilikuwa kama gunia lililotupwa chini.

"Tantine, twende. Nyumba itaanguka."

"Itaanguka. Mi naona."

"Sasa unangojea nini?"

"Nangojea bashemeji bakuye. Muke ya kilio hatokake peke yake."

Hapa lazima niseme jinsi mambo yalivyokuwa kwangu. Mume wangu alikuwa mtu mwema, karani, mwenye abakosti safi, ile suti isiyo na tai, na Kifaransa kizuri, lakini mbele ya wafu Kifaransa chake kilikwisha. "Tantine asilale hapa mbele bamutoshe kilio," aliniambia, yaani kabla hajatolewa kwenye kilio. "Tuko na mutoto muchanga." Nami nilikuwa namwogopa marehemu kama mume wangu. Nilimwomba Tantine atoke, na wakati uleule nilitumaini angekataa. Niliogopa ukuta ungemuua, na niliogopa kilio chake kingeingia kwangu kimtafute mwanangu. Sikuwa na mahali pa kusimama.

Tuliegemeza ukuta kwa miti. Nilikuwa nje nikisukumiza gogo la mwisho aliponiita dirishani, kwa sauti ya chini.

"We unazania naogopa mufu? Bwana yangu alikuwaka muntu muzuri. Juu ya nini akuwe mubaya sasa? Mi naogopa bazima."

Nikamwuliza wazima gani.

"Bale ba Kapanga. Nikitoka mbele bakuye, batasema nilikimbia kilio, njo mi nilimuua. Batanifukuza mikono tupu. Na nikibaki, bakute nyumba imesimama, batanitosha kilio muzuri, batanipaka udongo ya pemba, halafu bataweka mutoto ya dada yake mu nyumba. Njo desturi yabo. Mi nitalala wapi? Kwa bwana yako mwenye boga?"

Alikuwa amesema kweli tupu. Mwanamke yule alikuwa amekanyaga tope la kila tofari la nyumba ile, na nyumba ikianguka ilimuua, na ikisimama ilimtupa nje.

Mchana alikuja jirani yetu mwenye lori, mfanyabiashara Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka upande wa mashariki. Alikuwa akileta mihogo na mahindi kutoka Sandoa na mbele zaidi. Alisimama uani, mgongo ameuelekeza mlangoni kwa heshima ya mjane, akazungumza akitazama ua.

"Mama, nilibaacha bashemeji bako Sandoa. Banangojea lori ingine. Njia inaanza kukauka. Kesho ao kesho kutwa, bako hapa."

Tantine akajibu kutoka ndani, akimwita tata, yaani baba, "Tata, mu depo yako kuko fasi?"

Hivyo ndivyo mabati ya paa yalivyoshuka. Kwa watu tuliwaambia kwamba tunaupunguzia ukuta mzigo, na hiyo nayo ilikuwa kweli. Kila bati liliposhuka, Tantine alikuwa ndani amekaa mkekani, anaokota misumari iliyodondoka, anainyoosha kwa jiwe. Mabati mazuri yalikwenda kwenye depo, ghala la tata wa lori, chini ya magunia ya mahindi. Yale yenye kutu na matundu, machache, alitaka yaachwe palepale yameegemea ukuta.

"Tata," nilimwuliza yule bwana, "hii haina wizi?"

"Mbele ya Mungu ni jasho yake," akasema, akaenda kutawadha.

Sasa nyumba ilikuwa kuta nne bila kofia, na jua liliingia moja kwa moja. Nyufa zilianza kuonekana. Tantine aliketi katikati, nguo nyeusi kichwani, midomo ikitikisika kwa sala au kwa hofu, sijui, kwake vitu hivyo viwili vilikuwa karibu. Nilikaa mlangoni nikisikiliza. Kuta zile zilikuwa zinatoa sauti ndogo, tak, kisha kimya, kisha tak. Nilikuwa nikihesabu pumzi zake. Siku ya pili, lori la Sandoa likitazamiwa wakati wowote, alisema ana kiu, na mtungi ulikuwa mtupu. Nikaenda bombani.

Ndoo yangu ilikuwa haijajaa niliposikia gunia likianguka.

Nilikimbia. Ukuta wa chumba ulikuwa umelala wote kwa ndani, juu ya pale palipokuwa na mkeka. Nilipiga kelele jina lake mpaka sauti ikakatika, nikaanza kuchimba kwa mikono, matofari yakivunjika vidoleni kama mkate uliolowa. Majirani walikuja wakachimba nami. Sikuwa tena na hofu ya mfu wala ya shemeji wala ya mume wangu. Nilikuwa na hofu moja tu, kwamba vidole vyangu vitakutana na nywele zake.

"Munatafuta nani?"

Alikuwa amesimama kando ya choo, uani, ndani ya mipaka ya kiwanja chake, mkeka kwapani. Alisema haja ilimbana. Nilimwendea nikampiga begani kwa mikono miwili, mimi niliyelelewa naye, nikalia, naye akaniacha nimpige.

Bashemeji walifika siku hiyohiyo jua likielekea kushuka, tope hadi magotini. Alikuwa kaka mkubwa wa marehemu, mzee mrefu, pamoja na yule mpwa, mtoto wa dada yao, na mke wake, ambaye alikuwa amebeba vyungu vyake kabisa. Walimkuta mjane mkekani, uani, mbele ya lundo la udongo. Mzee alizunguka lile lundo. Mpwa akafukua yale mabati yenye kutu, yamepinda, akayatazama.

"Na ingine iko wapi?"

"Mayi," akasema Tantine, yaani maji yameyachukua.

Mzee akanigeukia mimi. "Mayi," nikasema.

Kwa kuwa hakukuwa na nyumba ya kuwapokea, tata wa lori aliwaita kula deponi kwake. Yule mzee alichagua kukaa juu ya magunia, yaleyale. Nilikuwa nimeshika sahani ya ugali. Kila alipojisogeza, chini yake mabati yalilia, kwaa. Mara ya pili akaacha kutafuna.

"Ni mapipa ya mafuta, tata," akasema mwenye depo, akamwongezea samaki. Nikaiweka sahani chini.

Asubuhi walimtoa kilio. Mzee alimshika mkono akamwinua kutoka mkekani, akamwosha uso, akampaka pemba nyeupe kwenye paji na mikononi. Halafu alikwenda akasimama mbele ya lile lundo la udongo peke yake, akamlilia mdogo wake kwa sauti, kwa Kilunda, muda mrefu. Niliona aibu na huruma. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja kuchukua kile ambacho baba zake walimfundisha ni chake. Kabla ya kupanda lori alimwambia Tantine, "Hii fasi ni ya bachura. Baki nayo." Mke wa mpwa akabeba vyungu vyake akarudi navyo.

Tantine aliishi kwetu mpaka mvua zikaisha, na mume wangu alimzoea, ingawa miezi ya kwanza alikuwa akimwamkia kwa mbali. Kiangazi akaanza kufyatua tena. Udongo safari hii tuliubeba kwa toroli kutoka mbali, na lile lundo la nyumba ya zamani lilirudi kwenye shimo lilimotoka. Chini ya kuta aliweka mawe. Siku mabati yalipopanda, tata wa lori hakukubali hata kuku.

Mara ya mwisho kumwona akiwa na akili zake timamu ilikuwa miaka mingi baadaye, pesa za Zaïre zilipokuwa zinabebwa kwa mifuko na mgodi unakufa. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Tulikaa karibu na mbabula, jiko lake la makaa, akinichomea viazi, akivigeuza kwa vidole bila kuona. Tulizungumza habari za waliokufa, kisha za mafuriko, na mimi nikasema, kama ambavyo nilikuwa nimesema mara nyingi mbele ya watu, kwamba Mungu alimpenda, maana alimtoa kwenda chooni saa ileile.

Akaacha viazi.

"Mungu hakunitosha," akasema. "Mi njo nilisukuma."

Sikuelewa. Nilimwuliza alisukuma nini.

"Kibambazi, ukuta ya chumba. Ilikatala kuanguka. Nilingojea siku ya kwanza, nilingojea siku ya pili, inalia lia tu, haianguke. Na lori iko mu njia. Njo nikakutuma mayi. Nikaenda inje, nikatosha miti yenu, nikaweka mugongo. Nikamuambia bwana yangu anisamehe." Alitafuta mkono wangu, akaupata. "Ile matofari alizipiga muzuri, mutoto. Ilikuwa inakauka. Ile nyumba ingesimama."